Eda Ambayo Mama Haikumbuki

Kwa Marehemu Fundi Mabruki,
Ng'ambo,
Tabora.
9 Juni 2024

Mpendwa dada yangu Maua,

Shikamoo. Kwanza nipe habari za afya zenu. Shemeji mgongo umempungua? Na wanao bado wanakataa ugali, au jua la Muscat limeshawatia adabu? Sisi huku baridi ya asubuhi imeanza, vumbi nalo limejaa tele, na mwili wangu mzima, Alhamdulillahi. Ukiniuliza habari za moyo, hizo ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Utacheka, nani siku hizi anaandika barua. Lakini simu hainifai tena. Mama habanduki kwangu. Nikienda uani yumo, nikiingia jikoni yumo, na masikio yake hayajapungua hata chembe, iliyopungua ni akili. Nikitamka "baba" tu kwenye simu, keshadaka. Juzi uliponiuliza kama mama ameshaupokea msiba na simu ikakatika, haukuwa mtandao. Nilikata mwenyewe. Alikuwa ameketi ubavuni mwangu anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Basi barua hii nampa Shaban wa hapo jirani, anarudi kazini kwake huko, atakuletea mkononi.

Naanzia kwenye mazishi, maana hukuyawahi, na wala sikulaumu. Baba alituondokea mchana, karakanani kwake, randa ikiwa bado mkononi. Mama alikuwepo. Alimwona akianguka, aliwaona wanaume wakimwingiza ndani, alimuaga, alimwomba radhi, akafanya kila kitu cha mjane bila mtu kumwelekeza. Kesho yake asubuhi akaamka, akakoka mkaa, akaniambia, "Mpelekee Fundi chai kabla haijapoa." Nikadhani ni mshtuko. Wote tulidhani ni mshtuko.

Dada, ule usahaulifu ulioanza mwaka juzi, ule ambao baba alikuwa akiufanyia mzaha kwenye simu, kumbe ulikuwa mkubwa kuliko tulivyojua. Baba ndiye aliyekuwa akiuficha. Yeye ndiye aliyemwambia sasa adhuhuri, sasa alasiri. Alimshonea kishikizo kilichokatika kabla sijakiona. Mama akianza sentensi ikampotea, baba aliimalizia yeye, tukacheka, tukaona ni mapenzi ya wazee. Alipoondoka ndipo tulipomwona mama peke yake. Niliogopa, sikufichi.

Shangazi Nyamizi alikuja kwa matanga kutoka Kwihara na hakurudi. Unamjua dada yake baba yule, akishika neno lake hata umwekee moto haliachii. Akatwaa chumba cha mbele, akatwaa na eda ya mama. Alimvisha nguo nyeupe, akamwondolea bangili na wanja, akafunga marashi kabatini, na mlango wa mbele akaufunga kwa komeo. Hayo yote sikuyapinga, ndiyo mila yetu na ndiyo dini. Kilichonitoa roho ni kitu kimoja. Shangazi aliamini kwamba mjane lazima ajue kuwa yeye ni mjane. Asipojua, alisema, eda haihesabiwi, na kaka yake huko aliko anabaki kaning'inia, kwa mkewe hajatoka na kwa Mungu hajafika.

Kwa hiyo kila mama alipouliza, "Fundi yuko wapi?", shangazi alimjibu hapo hapo. "Fundi amefariki, wifi. Uko edani."

Na mama kila mara alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Sikutanii, Maua. Uso ulimbadilika vilevile, mikono ikapanda kichwani vilevile, akaenda chini. Kisha akatugeukia sote na swali lile lile: "Mbona hamkuniambia?" Tungemjibu nini? Tulikuwa tumemwambia asubuhi. Alilia mpaka sauti ikakauka, akalala kidogo, akaamka na uso mkunjufu, akauliza kama Fundi ameshakula.

Siku za mwanzo majirani walikuja mbio, khanga kichwani, wakidhani tumefiwa tena. Baadaye wakazoea. Mama anamlilia mumewe huku, na mwanamke wa upande wa pili wa ukuta anaendelea kutwanga kisamvu chake. Sikuwachukia. Na mimi nilifika mahali nikawa namsikia akianza kulia, na badala ya huruma nasema moyoni, Yarabi, si tena.

Usidhani sikugombana. Nilimwambia shangazi, "Unamfisha mama yangu." Akaniambia, "Namfikisha. Wewe unataka adanganywe juu ya mume wake mwenyewe?" Nikamwambia uongo mmoja si kitu. Akaniuliza nimesoma chuo gani kinachofundisha hivyo. Basi tukawa hatuzungumzi, tunapishana mlangoni kwa mabega, wanawake wawili wazima, na katikati yetu mama anatusalimia wote wawili kama wageni.

Na kazi yenyewe, dada, usiione hivi. Kibanda changu cha vitenge sokoni nilishakifunga. Kumwogesha mama ni vita. Anaona haya, anashika nguo kwa kucha, ananiuliza mimi ni mtoto wa nani hata nimvue mtu mzima. Siku nyingine ananiita "mayu", basi hapo ananiona mimi ndiye mama yake, anatulia, na namwogesha nikiwa bibi yangu mwenyewe. Kiswahili chenyewe kinamtoka. Anarudi kwenye Kinyamwezi cha utotoni Kwihara, na mimi unajua changu kilivyo, nashika neno moja naacha manne. Chakula anakificha. Nilikuta kipande cha muhogo ndani ya mkoba wa msahafu. Nguo anazilowanisha, halafu analia kwa aibu, na aibu hiyo haisahau haraka kama anavyosahau mengine, sijui kwa nini.

Jua likianza kuinama ndio hatari. Anataka kutoka. Fundi atafunga karakana, njaa inamuuma, nani amempelekea chakula? Anashika sahani tupu, anagonga ule mlango wenye komeo, anagonga mpaka viganja vinamvimba. Na shangazi nyuma yake: "Wifi, uko edani." Niliwahi kukaa chini barazani kwa ndani na kuziba masikio kama mtoto.

Halafu akaacha kunywa maji. Hatukuona haraka, maana alikuwa akishika kikombe, akikipeleka mdomoni, akikirudisha. Kwenye mwezi wa Machi, ghafla, akawa mtu mwingine kabisa. Aliona sisimizi ukutani wasiokuwepo, akawa anawafagia kwa mkono. Alimpiga shangazi kofi. Alikuwa akilala katikati ya neno, anazinduka anapiga kelele. Kila mtu akatoa dawa yake. Huyu habasoda, yule kombe la aya za kunywa, mwingine akasema ni pepo la baba limemjia kwa sababu ya machozi mengi. Nikasema hebu niacheni. Nikambeba kwenye bajaji na nguo zake za eda mpaka hospitali, shangazi akinifuata nyuma akinung'unika kwamba mjane hatolewi.

Nesi aliyetupokea anaitwa Agnetha, mama wa makamo, mchovu kama mimi. Walimwekea maji ya mshipani, wakapima mkojo, wakakuta vijidudu. Akanieleza taratibu kwamba mama ana mambo mawili. Huu wazimu wa ghafla umeletwa na mkojo na kukauka mwili, huu una dawa, na utapita. Ule wa polepole, wa kusahau, huo hauna dawa, utakwenda nao mpaka mwisho. Nilimsikia akisema "mwisho" na nikaitikia ndiyo sista, kama vile ameniambia bei ya nyanya.

Wakati tuko wodini mama akauliza Fundi yuko wapi. Shangazi akafungua mdomo. Nesi akamwahi. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamuuliza mama, "Fundi? Ni mtu wa namna gani huyo Fundi?" Basi mama akamweleza. Anavyopenda chai ya tangawizi. Anavyopiga mluzi akiwa anapiga randa. Akaeleza mpaka akasinzia, hakulia. Nje, nesi akatuambia tufanye hivyo hivyo nyumbani. Kila tukimpa ile habari tunamfiwisha upya, alisema, na mwili wa mzee hauna nguvu ya kufiwa kila siku.

Shangazi hakukubali. "Yeye ni Mkristo, eda anaijulia wapi?" Ndivyo alivyosema njia nzima. Tulipofika nikamwambia, basi twende kwa mtu unayemwamini. Nikamwita Sheikh Uwesu aje nyumbani.

Sheikh alimtazama mama muda mrefu. Mama alimwandalia mkeka mara tatu, ule ule. Kisha sheikh akamwambia shangazi kwa upole kwamba eda haimtaki mjane akumbuke, inataka siku zake zipite. Hata mwanamke aliyefiwa na mume safarini asijue mpaka muda ukaisha, eda yake imekwisha. Na mtu akili ikimtoka haandikiwi dhambi, wanaoandikiwa ni walio karibu yake kwa jinsi wanavyomtendea.  Shangazi aliingia chumbani mchana ule na akalala, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe.

Baada ya hapo tulipumua. Mama akiuliza, tunamuuliza. Fundi alikuoa wapi? Mahari alileta nani? Alikuwa akicheka, Maua. Nilianza kudhani tumepata njia. Nilikuwa najisemea, mwisho wa eda ukifika shangazi atarudi kwake kwa amani, na mama atabaki na Fundi wake wa mdomoni, na mimi nitafungua kibanda changu. Mjinga mimi.

Siku ya kutoka edani ilikuwa mwezi wa Aprili. Shangazi alitaka ifanywe kama inavyostahili, na nikakubali kwa moyo mmoja, maana alikuwa ameshindwa kwa mengi. Wanawake wachache walikuja. Tulimwogesha mama kwa maji ya mrehani, na siku hiyo hakupigana hata kidogo. Tukampaka mafuta, tukamfukizia udi, tukamvua nyeupe, tukamvisha gauni jipya la hudhurungi na khanga za doti mpya. Shangazi mwenyewe akamtia wanja, akamrudishia bangili zake. Mtu mmoja akampa kioo.

Mama akajitazama. Akatutazama sisi, wanawake tuliomzunguka, marashi yananukia, mkeka umetandikwa. Akainamisha kichwa, akatabasamu tabasamu ambalo mimi na wewe hatujawahi kuliona, kwa sababu hatukuwa tumezaliwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ni leo?"

Tulimwelewa mmoja mmoja. Kicheko kilianza kwa wale wa nyuma, kikakatika. Mama akamshika shangazi mkono, akamvuta karibu, akamuuliza kwa haya, "Wifi, kaka yako ameshatoka nyumbani?"

Nilimtazama shangazi. Yule shangazi wa "amefariki, uko edani", ambaye hakuyumba hata siku moja.  Akasema, "Yuko njiani, wifi yangu. Yuko njiani anakuja."

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, sijui kwa kutojua au kwa kushindwa kulia. Shangazi akatoka akaingia stoo, na nilimkuta huko ameng'ata upande wa khanga yake asisikike. Kweli nilimkumbatia. Niliona amefanya jema, na mpaka leo siwezi kusema alifanya baya.

Lakini dada, bwana harusi hakuja.

Mama alimngoja. Aliketi pale mkekani, miguu amekunja vizuri, hataki kula asije akachafua gauni. Watu wakaaga wakaondoka. Jua likainama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hakushika sahani, hakuutaka mlango. Alikaa. Magharibi ikaadhiniwa. Nilipotaka kumvua bangili akaurudisha mkono wake, akaniambia bila kunitazama, "Amenikataa."

Nikasema hapana, amechelewa. Akasema, "Wameona kasoro. Waambie wasinitangaze."

Nilidhani ataamka amesahau. Mengine yote anasahau, hili limemganda. Kila siku tangu Aprili anavaa lile gauni. Nikilificha analia mpaka nilirudishe. Anauliza kama wametuma mtu. Wakipita majirani anajifunika uso, kwa sababu wanajua. Hataki kula kwa aibu, amebaki mifupa. Mwanamke aliyeishi na mume mmoja maisha yake yote, mume aliyemshonea vishikizo, sasa anajiona ni mwari aliyeachwa mkekani mbele za watu. Kufiwa hakukumbuki tena, hata kuolewa hakukumbuki. Sisi hatumo, Maua. Mimi na wewe hatukuzaliwa, maana hakuolewa.

Shangazi amerudi Kwihara. Asubuhi aliyoondoka alisema, "Neno langu moja limemfanya hivi." Nilimwambia si neno lake. Hakunisikia, na kwa kweli sikusema kwa nguvu. Nimebaki mimi na mama.

Nimejaribu ya nesi. Namuuliza Fundi ni mtu wa namna gani. Ananijibu, "Ni mtu asiyenitaka." Nilirudi hospitali kumuuliza nesi, nikaambiwa amehamishiwa wilaya nyingine. Aliyepo akanipa panadol.

Basi wiki iliyopita nikafanya kile nilichomgombea shangazi miezi yote ile. Alikuwa ameketi, bangili mkononi. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia, "Mama, hakukukataa. Alikuoa. Mkaishi nyumba hii, mkatuzaa, akakupenda mpaka siku yake ya mwisho. Amefariki, mama. Fundi amefariki."

Mikono ikapanda kichwani vilevile. Akaenda chini. Nikaenda chini naye. Akalia ule mlio wa zamani, na katikati ya kilio akaninyanyua kidevu akaniuliza, "Alinioa?" Nikasema alikuoa. Akauliza tena, "Mbele za watu?" Mbele za watu, mama. Akalia sana, lakini alilia kama mke. Baadaye alikula, bakuli zima la uji, jambo ambalo sijaliona tangu Aprili.

Alasiri alikuwa amevaa gauni tena.

Sasa namwambia. Si kila siku, siku zile aibu inapomzidi na chakula anakikataa kabisa, ninamuua baba mbele yake ili ale. Wallahi ndivyo ninavyoishi. Nikimwambia, namfiwisha. Nikinyamaza, anakufa akiwa amekataliwa. Wewe ndiye mkubwa, ndiye uliyefuata akili za baba. Usinitumie tena sauti kwenye simu ya kuniambia vumilia. Niambie nimwache na lipi kati ya haya mawili, maana mimi sioni la tatu. Na kama unaweza kuja, njoo. Hatakujua. Njoo kwa ajili yangu, nimechoka mpaka sijitambui.

Nisalimie shemeji, na mwanao Rashidi mwambie shule kwanza. Shangazi Nyamizi anakusalimu kutoka Kwihara, na anakuomba usimchukie. Sheikh Uwesu anakuombea dua. Salamu za mama siwezi kukuandikia, kwa sababu hajanituma. Mungu awape nyote uzima na wazee wenye akili zao, na baba amlaze pema. Amin.

Ameamka sasa hivi. Namsikia bangili zinavyogongana, anakuja huku niliko, na nimeshajua atakaloniuliza. Naweka kalamu chini nikamjibu, na sijui nitamjibu nini.

Mimi mdogo wako akupendaye na asiye na mwingine wa kumwambia,
Asmahani